Mrushaji Aliyevuka Mfereji

Mwanangu alicheza futiboli ya Kimarekani hapa Ubelgiji misimu miwili, akaichoka, akaenda zake kusoma Liège. Mimi nikabaki na timu. Ndugu zangu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura nilikozaliwa, wakinipigia simu Jumapili hawaamini wanapoambiwa niko uwanjani, mwanamke wa miaka hamsini na sita, mtandio kichwani na koti la mvua mwilini, natazama wanaume waliovaa kofia ngumu wakigongana. Huwaeleza kwa ufupi. Timu inapewa nafasi nne za kuusogeza mpira yadi kumi mbele. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wenzao. Na yuko mtu mmoja ambaye kila shambulizi huanzia mikononi mwake. Ndiye anayeamua amrushie nani, au amkabidhi nani akimbie nao. Wazungu wana jina lao la Kimarekani la kumwita. Sisi Waswahili wa jukwaani tulimwita Mrushaji.

Waswahili wenyewe tulikuwa watatu. Tonton, mtu wa Lubumbashi, ni mlinzi kwenye ofisi moja karibu na kituo cha metro cha Schuman. Siku nzima anasimama kimya mlangoni, kwa hiyo akija uwanjani anayasema yote aliyoyabana wiki nzima. Wa pili ni binti wa Kitanzania aliyeajiriwa kwenye ofisi za Umoja wa Ulaya, mtaa huohuo. Yeye hubeba daftari, huandika kila mpira uliorushwa na nani aliudaka, na hawezi kukaa kabla hajaniamkia. Wa tatu ni mimi, mhudumu katika nyumba ya wazee pale Saint-Josse.

Mwezi wa kwanza, mvua ikinyesha kama kawaida yake, habari zikatufikia kwamba Mrushaji wa wapinzani wetu, timu ya ng'ambo ya mfereji unaopita katikati ya mji, amemaliza mkataba wake, yuko huru kwenda apendako, na amechagua kuja kwetu. Mtu huyo alikuwa ametufunga miaka mitatu mfululizo. Alikuwa na miaka thelathini na saba na bega lililofanyiwa upasuaji. Na sisi tulikuwa na Mrushaji wetu, kijana mwenye mkono wenye nguvu, tuliyemwona akikua mbele ya macho yetu.

Jumapili iliyofuata mashabiki tulikutana Flagey, kwenye mkahawa unaotazama soko. Tulijaza meza nne, na mezani hapakuwa na habari nyingine. Tonton aliongoza mashitaka. Alisema mtu anayeiacha timu aliyoichezea miaka kumi na moja hana haya, na sisi atatuacha vilevile. Alisema anakuja kupumzika uzee wake kwetu, huku kijana wetu akiozea benchi. Binti alifungua daftari akatusomea kwa sauti ya upole kwamba msimu uliopita, mipira ya mbali ya yule bwana ilidakwa michache sana. Meza zote zikatikisa kichwa.

Mimi sikutikisa changu, na nilikuwa na sababu.

Miezi miwili kabla ya hapo, nyumba yetu ilikuwa imempokea mama mmoja mzee wa Katanga. Ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeanza kumla, na kitu cha kwanza ulichokula ni Kifaransa chake. Kwenye nyumba ya wazee alikotoka, wahudumu walidhani hataki kula. Kumbe alikuwa akiwaambia kwa Kiswahili kwamba chakula ni cha moto mno. Mwanawe alizunguka mji huu akiulizia nyumba ambayo mtu angemwelewa mama yake, na alipofika kwetu nikamwitikia kwa Kiswahili pale mapokezi, alikaa kwenye kiti akafunika uso. Nilimtambua mara moja. Nilikuwa nimemzomea mara nyingi.

Tangu siku hiyo alikuja kila jioni kumlisha mama yake. Uwanja wa mazoezi wa timu yake ya zamani ulikuwa upande mwingine kabisa wa mji. Wa timu yetu ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka mlangoni petu. Aliniambia mwenyewe, akimpangusa mama yake mdomo, kwamba alilazimika kuchagua, na kuacha mpira asingeweza.

Hayo nisingeweza kuyasema mezani Flagey. Ya wagonjwa wetu hayatoki nje ya mlango, na hata pasingekuwa na sheria, hayakuwa yangu. Basi nikamtetea kwa mpira mtupu. Nikasema mnahesabu mipira ya mbali, lakini yule hashindi kwa mipira ya mbali. Mtazameni anavyoachia mpira mapema, kabla mwenzake hajageuka, na mwenzake akigeuka anaukuta kifuani. Bega halihitajiki hapo. Panahitajika macho. Nikasema pia kwamba kijana wetu ana mkono mzuri lakini hana wa kumfundisha kusubiri.

Walinicheka kwa heshima, jinsi wanavyochekwa akina mama. Tonton akaweka kikombe chini.

"Maman, unamutetea sana ule muntu. Ni ndugu yako?"

Nikamwambia hapana, nikavaa koti nikaondoka. Njiani nilikasirika kama sijakasirika miaka mingi, na hasira hiyo ilinifaa, kwa maana niliapa kutokosa mechi hata moja.

Mechi ya kwanza tulifungwa. Tonton alinitazama, na mtazamo huo nilikwenda nao mpaka nyumbani. Ya pili tukashinda. Ya tatu tukashinda kwa mbali. Kufikia mwezi wa tano, binti alikuwa anachora safu mpya kwenye daftari lake kwa ajili ya mipira mifupi, maana ilikuwa inadakwa mmoja baada ya mwingine mpaka safu za zamani zimejaa. Kijana wetu alisimama pembeni mwa mstari, karibu na Mrushaji kila alipotoka kupumzika, wakiongea vichwa vimegusana. Tonton alianza kusema bon, haya, anajaribu, anajaribu.

Fainali ikatukutanisha na timu ya ng'ambo ya mfereji.

Siku hiyo kulikuwa na jua la kweli, na nilikuwa na ruhusa ya kutwa nzima. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona pale. Kabla ya mechi, Mrushaji akiwa tayari amevaa jezi, alitokea langoni akisukuma kiti cha magurudumu. Kitini alikaa mama yake, amefungwa kitenge cha kijani na skafu ya timu yetu shingoni. Alikuja moja kwa moja hadi tulipokaa, mbele ya mashabiki wote, akanisalimia kama mtu na shangazi yake.

"Tantine, nakuomba ukae naye. Akiwa na wewe hatakuwa na woga."

Nikamshika mama mkono. Akaniuliza kama chai iko tayari, nikamwambia bado kidogo. Mwanawe akarudi uwanjani. Tonton alikuwa amesimama, kofia yake mkononi, akimsikiliza mama yule akizungumza Kiswahili cha kwao. Aliinama.

"Jambo yenu, maman. Muko wa wapi?"

"Niko wa Katuba," mama akajibu bila kusita, mtu ambaye asubuhi hiyo alikuwa hajui ni siku gani.

Tonton alitaja barabara moja ya mtaa huo wa Lubumbashi, mama akataja duka lililokuwa kwenye kona yake. Kisha Tonton akakaa karibu yangu. Alitazama kiti cha magurudumu, akatazama uwanja, akageukia upande iliko nyumba yetu ya wazee, na nikaona anaunganisha mwenyewe.

"Ulikuwa unajua, maman? Siku ile ya Flagey?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa mbona haukusema?"

"Hayakuwa yangu ya kusema."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akavaa kofia yake, akageukia uwanja.

Mechi yenyewe ilikuwa ngumu. Wale walimjua Mrushaji wao wa zamani kama wanavyojua viatu vyao. Walimwangusha mara nne kipindi cha kwanza, na kila alipoinuka akishika bega, binti alifumba macho. Dakika mbili zikiwa zimebaki tulikuwa nyuma kwa pointi nne. Tukasogea, tukakwama. Nafasi ya nne, ya mwisho, yadi tisa kutoka mstari wao wa mwisho, na kuuvuka mstari huo na mpira ni pointi sita. Tukishindwa hapo, tumekwisha.

Mabeki wao wawili walimkimbilia. Hakurudi nyuma. Aliuachia mpira upesi, chini, kuelekea mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kisha mchezaji wetu akageuka, na mpira ukamkuta kifuani, miguu yake yote miwili ikiwa imeuvuka mstari.

Nilisikia sauti kabla ya kuelewa kwamba ni yangu. Binti alirusha daftari hewani, makaratasi yakatawanyika, naye hakujali. Mama alipiga vigelegele, vyenye nguvu na virefu, vya arusi kabisa, na wanawake wa Kikongo waliokuwa juu yetu wakavidaka, vikazunguka jukwaa lote. Tonton alikuwa analia bila kujificha. Wenzao waliupata mpira kwa sekunde chache zilizobaki, wakashindwa kufika popote, na filimbi ikapulizwa.

Mrushaji alipanda ngazi na viatu vyake vya matope, akapiga goti mbele ya kiti, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake. Mama akampapasa nywele, akamwambia amechafuka, aende kuoga.

Jumapili iliyofuata nilichelewa kufika Flagey kwa sababu ya zamu. Meza zilikuwa zimejaa. Tonton aliponiona aliinuka, akagonga kijiko kwenye glasi, akawaambia wote, Wabelgiji kwa Kifaransa na sisi kwa Kiswahili, kwamba mwezi wa kwanza alisema maneno mabaya juu ya mchezaji ambaye hakumjua, na kwamba mtu pekee aliyeona mpira sawasawa alikuwa mimi. Juu ya mama yule hakutaja hata neno moja. Kisha akavuta kiti kilichokuwa katikati ya meza, chake cha siku zote, akanikalisha hapo, akaniagizia chai.

Nikainywa taratibu. Nilikuwa na haki ya kuinywa taratibu. Halafu nikamwomba binti afungue daftari, maana kulikuwa na tetesi kwamba beki wetu wa kushoto anataka kwenda Antwerp, na nilikuwa na maoni.