Pantoni ya Mjomba

Shule niliiachia darasa la tano, na sioni haya kusema. Leo karakana ya kuchomelea pale Kashai ni yangu, lori ni langu, na nyumba yangu ya Muleba abiria wa mabasi huulizana ni ya mbunge gani. Vyote nimevitoa kwenye chuma chakavu. Nimekata boti za ziwani zilizooza, nimekata mashine za kukoboa kahawa, na usiku nalala. Chuma kimoja tu ndicho kinachonisumbua.

Mjomba wangu, kaka yake mama, aliendesha pantoni kwenye mto wetu, upande wa Ngenge, tangu sijaota ndevu. Haikuwa na injini. Ilivutwa kwa waya mnene uliofungwa ng'ambo zote mbili, na yeye akizungusha winchi kwa mikono. Daraja lilipojengwa, pantoni ikapandishwa ukingoni, akaambiwa ailinde mpaka ihamishiwe mto mwingine. Hakuna aliyekuja. Akaendelea kuifagia na kupaka grisi magurudumu yake ya kupitishia waya, miaka na miaka.

Mwishowe iliuzwa kama chakavu, nikainunua mimi. Karatasi zote ninazo. Kosa langu halikuwa kuinunua. Nilipofika pale nilimkuta mzee ameshika ufagio, nikashindwa kumwambia inakwenda kukatwa.

"Wanaipeleka wapi, mwihwa wangu?" aliniuliza. Mwihwa ndiye mtoto wa dada kwa Kihaya.

"Kule mpakani, mjomba. Itafanya kazi tena."

Aliomba siku mbili. Niliporudi na mafundi kuifungua, nilikuta imepakwa rangi yote, na yeye amevaa koti la kwendea misa. Akanikabidhi kwa maneno: gurudumu la kushoto hukwama; mvua zikianza, waya ulegezwe, la sivyo maji yakipanda utakatika. Akanipa na kahawa ya kutafuna, imefungwa kwenye jani la mgomba. "Mpe atakayeishika." Niliitafuna mwenyewe njiani. Wiki ile ile fundi wangu aliikata pantoni vipande.

Mvua za kwanza, simu ikalia.

"Mmelegeza waya?"

"Tumelegeza, mjomba."

Vuli, masika, vuli tena. Nikazoea. Siku moja akasema, "Hebu nipe huyo anayeishika. Wewe ni mtu wa lori, ya waya unayajulia wapi?"

Nilikuwa karakana. Nikaziba simu kwa kiganja, nikamnong'oneza fundi, "Sema wewe ndiye unayeendesha pantoni." Akacheka, akaipokea.

"Shikamoo mzee. Ndiyo, hilo la kushoto linasumbua kweli... Grisi? Nimeweka, mzee."

Mjomba alimfundisha karibu nusu saa. Fundi aliacha kucheka mapema. Aliponirudishia simu hakunitazama. "Bosi, mzee huyu usinipe tena."

Nilimpa tena, mara nyingi. Ikawa mjomba akipiga, anamsalimia yeye kwanza, mimi baadaye. Mwezi uliopita akaniambia amemtengea mkungu wa ndizi, na Jumamosi anapanda basi kwenda kumwona huko mpakani, akaione na pantoni.

Niliwasha gari siku hiyo hiyo, nikaenda mpaka Ngenge. Nilimkuta uani, ananoa kisu cha kukatia majani ya migomba.

"Shikamoo mjomba. Pantoni haipo. Niliikata wiki ile ile."

Aliweka kisu chini. "Na yule ninayeongea naye?"

"Ni fundi wangu. Ndiye aliyeikata."

Nilisubiri matusi, nilisubiri hata laana. 

"Nipe namba yake," alisema.

Akapiga. "Ni mimi, mzee wa pantoni. Nimeshaambiwa." Akasikiliza kidogo. "Pole yako sitaki. Nieleze tu. Ulianzia wapi, mbele au kwenye winchi?"

Nilisikia sauti ya fundi, ndogo, ikieleza. Mjomba aliuliza ribiti zinazoshika mabati ziligoma wapi. Akauliza mabati ya chini, yale yanayokaa majini, yalikuwa yameliwa na kutu? Akajibiwa. Akafumba macho.

"Mazima yote? Hata la kona?"

Waliendelea hivyo mpaka simu yake ikaisha chaji. Mimi nilikuwa bado nimesimama katikati ya ua. Hakunipa kiti.