Dada yangu alilazwa kwa hypnosis Kibaha, akaja kumtaja muuaji Mzenga

Wakuu, kwema humu?

Mimi ni yule jamaa niliyesoma masomo ya jioni mpaka mlinzi wa shule akadhani tumeajiriwa pamoja. Nikisimulia huwa naongeza chumvi, najijua. Pilau nitaiongeza, na watu ukumbini nitawaongeza. Ila yanayomhusu dada yangu sijaongeza hata punje. Wale wa kusema "chai", someni kwanza mpaka mwisho.

Twende.

Tulipomaliza masomo tulifanya mahafali hapa mtaani kwetu Kibaha, Picha ya Ndege, kwenye ukumbi wa kukodi. Pilau ilikuwa ya kulisha wilaya mbili na mbwa wao.

Nikamwalika dada yangu Mwajuma kutoka Mzenga. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka eda. Mume wake, shemeji Salum, aliangukiwa na mti kule Vihingo, wakikata miti ya mkaa na mdogo wake Hamisi. Mama akasema nimchukue akabadilishe hewa. Akaja, akala, akacheka kidogo. Nilikifurahia kile kicheko kuliko cheti changu.

Sasa mwenzetu mmoja akaleta mtaalamu wa hypnosis achangamshe ukumbi. Kwa wasiojua, yule anakulaza kwa maneno tu. Hakuna dawa wala kafara.

Alianza na mimi. Akaniambia kope zangu ni nzito kama mifuko ya saruji. Mimi nawaza kama pilau itabaki. Akahangaika weee, mwisho akanirudisha kwenye kiti: "Kaka, wewe ni jiwe."

Akafuata Deo, dereva bodaboda, pande la mtu. Huyu mkono wake uliganda hewani, akashindwa kuushusha, huku anacheka. Baadaye alituambia alikuwa anasikia kila kitu, ila mkono ulimgomea.

Kisha akaitwa Mwajuma.

Wakuu, mtaalamu hakumaliza hata sentensi. Kichwa cha dada kilidondoka kama umeme umekatika. Yule bwana akasema maneno ambayo nadhani huwaambia watu wote: "Kuna mtu unayempenda amesimama mlangoni. Mfungulie."

Dada akainuka, macho ameyafumba. Akavuta komeo ambalo halipo.

"Leo umechelewa," akasema. "Maji yako yameshapoa."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mimi mikono iligoma. Hiyo ndiyo sauti aliyokuwa akimpokelea Salum akitoka porini. Nimeisikia kwao mara milioni.

Alipoamshwa alikuwa anatabasamu, hakumbuki kitu. Akaniuliza mbona nimenuna siku ya sherehe yangu.

Aliporudi Mzenga, simu za mama zikaanza. Kila Magharibi Mwajuma anatenga ndoo ya maji ya moto uani, na taulo juu yake. Ukimuuliza ni ya nani, anashtuka, anasema ni mazoea tu.

Nikampigia mtaalamu. Akanieleza kwamba wapo watu wachache wanaozama mpaka chini kabisa, na mtu wa hivyo akishazama anaifuata sauti inayomwongoza, popote inapokwenda. "Asichezewe na mtu mwingine," akasema.

Nikamfikishia mama. Akanijibu, "Mwanangu, hayo ni ya vyeti vyenu. Huyu mumewe amempanda kichwani."

Wakaita mganga na ngoma ya kupunga pepo.

Nilifika Mzenga alasiri, ngoma imeshakolea. Mwajuma yuko kwenye mkeka amefunikwa kitambaa cheupe, kwa sababu mganga alitaka kuongea na "mgeni" aliye ndani yake. Binamu yetu waliyemkalisha naye alikuwa anajikuna tu, ngoma haimpati. Ila dada alikuwa na sura ile ile ya ukumbini.

"Wewe nani?" mganga akauliza. Alikuwa mama wa makamo, sauti laini kweli.

"Salum."

"Ule mti ulianguka wenyewe?"

Kimya.

"Uliangushwa, sivyo?"

"Uliangushwa."

"Aliyeuangusha yumo humu?"

"Yumo."

Hamisi alikuwa amesimama karibu na jiko. Ndiye aliyeleta kuni za ngoma ile ile, na mzigo ulikuwa bado begani. Watu wakamgeukia wote kwa pamoja. Mjomba wetu akaokota panga. Hapa sitanii, wakuu.

"Shemeji, mimi?" Hamisi akalia. "Shemeji, mimi niliyemtoa chini ya ule mti kwa mikono hii?"

Dada hata hakugeuza kichwa.

Nikapita katikati ya watu, nikapiga magoti mbele yake. Nikaiga sauti ya mganga, taratibu.

"Salum, ni mimi niliyekuua, sivyo?"

"Ni wewe."

"Nilitoka Kibaha nikaja kukuangushia mti."

"Ulikuja."

Watu wakaguna. Nikamgeukia mjomba. "Siku ile nilikuwa wapi, mjomba?"

Alijua. Siku ile alikuwa mgeni wangu hapa Picha ya Ndege, na simu ya msiba tuliipokea tukiwa naye mezani.

"Haya, na wewe njoo. Muulize kama ulimuua."

Mjomba hakuthubutu. Panga likashuka.

Mganga akasema mgeni amekasirika, anachanganya mambo. Wapo waliomwamini. Hamisi aliondoka na mkewe kabla jua halijazama, na hajarudi. Na pale Mzenga mpaka leo kuna watu wanasema Salum alitaja wauaji wawili.

Dada alipozinduka akauliza alisema nini. Ikabidi nimwambie mimi. Aliutazama ule mzigo wa kuni ambao Hamisi aliutupa mlangoni. Kisha akanivuta pembeni.

"Mdogo wangu, yule mtu wa kwenye mahafali anaweza kunilaza tena?"

"Ili iweje, dada?"

"Ukumbi mzima mlinishuhudia nikimfungulia mume wangu mlango. Mimi peke yangu ndiye nisiyekumbuka."

Nilichojifunza ni kwamba hatulingani. Wapo mawe kama mimi, wapo akina Deo wa nusu nusu, na wapo wanaokwenda mpaka chini. Huyo wa chini hasemi ukweli wala uongo, anakurudishia swali lako. Ukienda na panga kichwani, atakukabidhi shingo ya mtu.

Ndoo bado inatengwa. Namba ya mtaalamu ninayo, na dada anaiulizia kila tukiongea.

Wenye uzoefu na haya mambo, karibuni hapa chini. Nimpe au nisimpe?