Siku Baba Alipochinja Gari

Juzi pale Kinoru niliona gari lililopondeka likivutwa na lori, nikakumbuka mchana ule wa harufu ya petroli.

"Leo tunachinja hii gari," alisema baba, aliyekuwa akijiundia gari dogo la mbio kwa spea za gari la ajali. Kwetu damu ya mbuzi hukingwa ya kutengenezea mutura, ile soseji ya utumbo, kwa hiyo nilikimbia kuleta karai. Baba alicheka sana, akalitumia kukingia oili.

Alipong'oa kiti cha dereva, kicheko kilikatika. Kiti kilikuwa na doa kubwa la kahawia.

"Hii ni nini, Baba?"

"Ni oili tu, Kendi. Leta sabuni."

Nilisugua huku nikifukuza nzi.

Siku hizi mimi hubadilisha oili mwenyewe, na sijawahi kuiona ikivuta nzi.