Fulana Isiyofuliwa

Kichefuchefu cha msimu ule hakijaniisha. Mvi zimeanza kunichungulia kidevuni, lakini nikinusa ngozi iliyolowa jasho naliona tena benchi letu, kwenye uwanja wa karibu na Farsta, na uchafu uliokuwa chini yake: maganda ya mbegu za alizeti yaliyotemwa na kugandamana kwa mate, na madonge meusi ya snus, ile tumbaku ambayo Wasweden huificha chini ya mdomo wa juu. Nahodha wetu, ambaye ndiye alikuwa mdakaji, alikuwa akiyachokoa mdomoni mwake kwa kidole na kujipangusia kwenye suruali. Kisha kwa kidole hichohicho ananirudishia mpira, nami naudaka. Niliudaka msimu mzima.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwanafunzi wa chuo kimoja cha Stockholm, katikati ya ile miaka ya elfu mbili. Besiboli sikuijua. Kwetu Bukavu, mtu akipita mbio na gongo mkononi huulizi matokeo, unafunga mlango. Lakini nilikuwa na mkono. Kocha aliniona nikirusha donge la theluji kutoka upande mmoja wa ua wa chuo hadi upande wa pili, akanifuata mbio. Baada ya wiki nikawa mrushaji, yaani yule anayesimama katikati na kumtupia mpinzani mpira ili aukose kwa gongo lake.

Niseme wazi kilichonishika pale, maana wengi wameniuliza kwa nini sikuondoka. Tangu nifike nchi hii nilikuwa nimeitwa jina langu na watu wenye faili mbele yao tu. Uwanjani waliniita kwa sauti, wakicheka, wakinipiga mgongoni. Nilikuwa wao. Kwa ajili hiyo ningekunywa hata maji ya ndoo ya mopu.

Na ndivyo ilivyokaribia kuwa. Mechi ya kwanza tulishinda, ya pili tukashinda. Nahodha akasimama juu ya benchi akatangaza kwamba kuanzia siku ile hakuna kufua fulana hadi tushindwe, maana ushindi umeingia kwenye nguo na sabuni itautoa. Kocha, mzee mwenye pensheni aliyesoma Marekani ujanani, akatikisa kichwa kukubali. Wasomi hawa! Wengine walikuwa wanasomea uhandisi. Walikuwa wakioga baada ya mechi, wanajipaka marashi kila mahali, kisha mechi inayofuata wanavaa uoza uleule.

Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Nikalifumba, na pua pia ningeifumba kama ingewezekana. Tukashinda ya tatu na ya nne. Kufikia katikati ya kiangazi fulana yangu ilisimama yenyewe nikiivua. Kwapani palikuwa na rangi ya chai, kifuani kulikuwa na tope la mechi ya mvua, na mgongoni chumvi ilichora ramani. Nilikuwa nikiivaa nahisi kitu kinatambaa, ingawa hakuna kilichotambaa.

Siku ya ushindi wa nne nilipanda treni kurudi nyumbani Bredäng bado nimeivaa, kwa maringo. Behewa lilijaa hadi watu wakasimama, lakini kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikitazama kiti, akanitazama mimi, akaenda kusimama mlangoni. Wenzangu watatu walikuwa kwenye behewa hilohilo, wananuka kama mimi, na watu walikuwa wamebanana nao wakiwauliza matokeo.

Nilikaa kwa dada yangu mkubwa. Sisi wa Kivu tunamwita yaya. Kule Bukavu alikuwa mwalimu wa biolojia wa sekondari, na hapa alikuwa akisafisha vyoo vya jengo la maduka Skärholmen. Mama alipofariki yeye ndiye alinilea. Jioni ile aliiokota fulana kwa vidole viwili.

"Hii kitu ni nini?"

"Fulana ya timu, yaya. Haifuliwi. Tukifua tutashindwa."

"Kanisani tunakemeaka hirizi kila Jumapili, na weye unaivaa mgongoni?"

Nikacheka. Nikamwambia ni desturi ya mchezo, hata wazungu wenyewe wanafanya.

"Wenzako wakinuka, watu wanasema hawa vijana wametoka kucheza," akasema. "Weye ukinuka, ni siye wote tunanuka. Mi naoga mara mbili mbele ya kwenda kazini, na bado kuna mtu anafunguaka dirisha nikiingia."

Niliichukua fulana nikaifungia kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, kikulacho changu mwenyewe.

Tukafika mechi ya mwisho bila kushindwa. Tukishinda na hiyo, kikombe cha vyuo ni chetu. Asubuhi nikaamka nikaikuta fulana imetundikwa mlangoni, nyeupe, imepigwa pasi, inanukia sabuni. Yaya alikuwa amesubiri zamu yake ya Jumamosi kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, ambako ukikosa zamu unangoja wiki mbili, na zamu yote akaitumia kwa fulana moja. Aliifua mara tatu.

Nilimfokea. Nilimfokea kwa Kiswidi, kwa sababu nilijua kwa Kiswidi hawezi kunijibu haraka. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Leo nakuja kukuangalia," akasema. "Nimeomba ruhusa kazini."

Uwanjani niling'aa peke yangu. Nahodha aliishika fulana kifuani, akainusa, akanuna. Hakuna aliyenipiga mgongoni. Nilirusha vizuri siku hiyo kuliko siku zote, Mungu ni shahidi. Tulishindwa kwa sababu nahodha aliuangusha mpira mwepesi ambao hata bibi yangu angeudaka, na uliteleza kwa sababu mikono yake ilikuwa imelowa mate yake mwenyewe. Niliyaona yaking'aa.

Baada ya mechi wakanizunguka benchini. Nahodha akauliza, huku akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, nani kafua. Wote wakanigeukia. Kulikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumwambia anawe mikono. Nilisema:

"Dada yangu. Ametoka kijijini Afrika, haelewi mambo haya."

Wakaangua kicheko, na mkono ukatua mgongoni mwangu. Nilikuwa wao tena. Kisha nikaona wanatazama nyuma yangu.

Yaya alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipo, amevaa kitenge chake cha kanisani, ameshika bakuli la maandazi. Mtu aliyesafisha ofisi na vyoo vya Wasweden kwa miaka sita anaelewa Kiswidi kuliko watu wanavyodhani. Hajawahi kuishi kijijini hata siku moja. Alifunua bakuli, akapita kwa kila mmoja, kwanza anampa karatasi ya kufutia mikono, halafu andazi. "Varsågod," alikuwa akisema, karibu, kwa upole wa mwalimu kwa darasa. Nahodha alitema donge lake la snus kwenye ile karatasi, akalichukua andazi kwa kidole kilekile, akasifu. Bakuli lilipofika kwangu nikachukua mawili, nikala, kwa kuwa sikujua la kufanya na mdomo wangu.

Miezi yote ile nilidhani kinachonichefua ni wao.

Tulipanda treni pamoja. Wakati wote tangu tuje nchi hii yaya alikuwa akikaa pembeni yangu, hata behewa likiwa tupu, goti lake likigusa langu. Siku ile alipita, akakaa ng'ambo ya njia, akapakata bakuli, akatazama dirishani. Nilikuwa safi, ninanukia sabuni yake, na kiti cha pembeni yangu kilibaki kitupu hadi Bredäng.