Mtihani wa "Mimi ni Nani?"

Kaka yangu alikuwa dalali wa mahindi katika soko la Kibaigwa. Siku moja alipanda juu ya shehena ya lori kukagua kamba, kamba ikakatika, akaanguka na kutua kwa kichwa. Alipotoka hospitali kurudi kwake, mtaa wa Makole, alishuka kwenye gari mwenyewe, akala ugali na mlenda kwa mkono wake, akaitikia salamu. Basi watu wakatangaza kwamba amepona. Katika ukoo wetu mtu asiye na bandeji si mgonjwa.

Nilihamia pale kumsaidia wifi, kwa hiyo ninayoyasimulia niliyaona. Kelele zilimchosha kaka kama mtu aliyelima tangu alfajiri. Watu watatu wakiongea kwa pamoja, maneno yao yalimpotea. Majina ndiyo yaliyomtesa zaidi. Alikutambua vizuri, alijua unakaa wapi na mliwahi kugombana kwa sababu gani, lakini jina lako halikuja. Wakati mwingine hata undugu wenyewe haukuja, kama wewe ni shangazi au mke wa mjomba. Akibanwa, alijibu lolote ili aachiwe.

Na alibanwa. Wageni walikuja kutoa pole kwa makundi, wengine wakiwa na zabibu, wengine mikono mitupu. Viti vya plastiki viliazimwa kwa jirani, na redio ikafunguliwa "ili mgonjwa achangamke." Kisha mgeni mmoja baada ya mwingine aliinama mbele ya kaka, akausogeza uso wake karibu kama anayejitazama kwenye kioo.

"Haya baba, mimi ni nani?"

Kaka alirudisha kichwa nyuma.

"Nitazame vizuri. Usiharakishe."

"Wewe ni... shangazi."

"Shangazi! Jamani, leo nimekuwa shangazi!" Alikuwa mke wa mjomba, na alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Sebule nzima ilicheka naye. Aliyefuata akasogeza kiti. "Na mimi je? Ukinikosa mimi, nakushtaki kwa Mungu."

Walipofika getini, wakidhani hatusikii, waliteremsha sauti. "Yule hayupo tena. Limebaki ganda." Waliyasema hayo kwa huzuni ya watu waliokwisha kula.

Baada ya muda kaka alikuwa akisikia geti tu, anaingia chumbani na kujifungia.

Hospitali kulikuwa na mwanasaikolojia wa watu walioumia ubongo, mama mwenye haraka asiyependa hadithi ndefu. Nilimweleza habari za wageni. Akaweka kalamu chini.

"Mnamuuguza au mnamsaili kwa ajili ya ajira?"

Akatuambia la kufanya. Wageni waingie wawili wawili na redio izimwe. Mgeni ajitaje mwenyewe, yeye nani na katokea wapi, kabla ya kusema jambo lolote. Jina linalotafutwa kwa nguvu mbele ya watu hukimbia zaidi, alisema, na kila anapochekwa, kaka anajifunza kukaa kimya. Kaka naye akafundishwa maneno ya kusema anapokwama: "Niliumia kichwa, majina yananipotea, niambie jina lako." Akichoka, aondoke akapumzike bila kuomba radhi. Alifanya mazoezi na mama yule, lakini nyumbani hakuyasema kamwe. Aliona aibu. Mtu aliyewahi kuita wafanyabiashara soko zima kwa majina, leo aombe kutajiwa jina la jirani!

Mimi nikasimama getini. "Shikamoo. Karibu sana. Ukiingia, tafadhali mtajie wewe ni nani. Usimuulize."

Sikujua kwamba nilikuwa natukana watu.

"Nijitaje? Kwa mtoto niliyemwogesha mimi?"

Jirani mmoja mfanyakazi wa ofisi za serikali alicheka. "Kumbe siku hizi hapa ni Bungeni. Mheshimiwa simama, jitambulishe!" Mzee wa kanisa aliyekuja kuomba alinijibu kwa upole wa kutisha: "Binti, Roho hatangulizi kitambulisho." Aliingia, akafumba macho, akaomba kwa sauti iliyofika barabarani, kisha akayafumbua na kuuliza: "Haya, ni nani amekuombea?"

Habari zilifika kijijini kwa baba mkubwa, kaka yake marehemu baba yetu. Hakutuma ujumbe. Alikuja mwenyewe na wazee wenzake kwa pikapu, akaketi kwenye kiti cha kaka, akatoa uamuzi kabla ya chai. Kaka atapelekwa kijijini akapumzike chini ya uangalizi wa ukoo. Wifi arudi kwao kwa muda. Kliniki ya nini, wakati mtu akili yenyewe haipo?

Wifi alipiga magoti. "Baba, anaendelea vizuri. Akikatisha kliniki sasa, atarudi nyuma."

"Anaendelea vizuri?" Baba mkubwa aliwatazama wenzake. "Basi rahisi. Aniambie mimi ni nani. Akinitaja, anabaki na mke wake. Akishindwa, tunaondoka naye sasa hivi."

Dereva wa pikapu alikuwa hata hajazima injini.

Kaka aliitwa, akatoka chumbani, akaamkia. Nilimwona akiutazama mlango wa chumbani kama siku za wageni, nikajua atataja lolote. Badala yake alivuta pumzi.

"Baba, niliumia kichwa," alisema taratibu. "Majina yananipotea. Nakujua, lakini jina haliji. Niambie jina lako."

"Mnaona?" baba mkubwa akasema.

"Niambie basi, tuendelee," kaka akasema.

Hapo ndipo ukoo wetu ulipojionyesha ulivyo. Wifi hawezi kumtaja baba mkwe wake kwa jina, ni mwiko. Mimi siwezi kumtaja mkubwa wa baba yangu mbele yake. Wazee wenzake walitazama chini, maana kumtaja kungekuwa kumsaidia mtahiniwa. Na mwenye jina, mtu pekee aliyekuwa huru kulitamka, alifunga mdomo kama anayelinda hazina. Nyumba ilijaa watu wenye akili timamu, wote wanalijua jina moja, na hakuna aliyeweza kulisema. Aliyevunjika kichwa ndiye peke yake aliyeuliza kwa adabu.

Kaka alisubiri. Aliwatazama mmoja mmoja, bila hasira.

"Nimechoka," akasema. "Naenda kulala. Mkilipata, mniite." Akaingia chumbani na kufunga mlango.

Mzee mmoja alikohoa kuficha kicheko, na kikohozi kile ndicho kilichoamua shauri. Baba mkubwa alisimama. Kumbeba mtu aliyekufukuza kistaarabu si jambo la mtu mwenye heshima zake.

"Mtoto hanitambui, nami simtambui," alisema. "Msinitafute tena, hata kwa msiba." Walipanda pikapu, na zabibu walizoleta wakaondoka nazo.

Wifi alilia, akidhani tumelaaniwa. Nilimwacha alie, nikarudisha viti kwa jirani. Nilipomaliza nyumba ilikuwa kimya. Ukimya aliouagiza yule mama wa hospitali tulikuwa tumeshindwa kuupata kwa kuomba watu kwa heshima. Tuliupata siku ukoo ulipotususa.

Jioni kaka alitoka chumbani akijinyoosha, akaketi kwenye kiti chake. Akalitaja jina la baba mkubwa, lote, pamoja na la babu aliyemzaa, kama mtu anayeulizia jambo dogo.

"Ameshaondoka?"

"Ameshaondoka," wifi akasema.

"Basi nipe chai."