Mshahara wa Mama wa Saboti

Kwa miaka tisa mama mmoja kutoka Saboti alifanya kazi nyumbani kwangu Kitale, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwandikia hata mstari mmoja wa makubaliano. Tulielewana tukiwa tumesimama langoni, mtoto wangu wa pili akiwa mgongoni mwangu, likizo yangu ya uzazi ikiwa imebakiza siku nne tu. Nilitaja kiasi, akasema sawa. Alikuwa amenizidi umri kwa miaka kama kumi, kwa hiyo nilimwita mama, naye akaniita mwalimu, hata baada ya mimi kuacha kufundisha.

Alikaa kwangu kuanzia Jumatatu, na Jumamosi mchana akirudi kwake Saboti, kwa binti yake, ambaye miaka ya mwisho alikuwa akisoma sekondari. Baba wa watoto wangu alikuwa ameshaenda zake. Nikiitazama miaka hiyo sasa, naona kwamba kila nilichofanya nje ya nyumba nilikifanya kwa sababu yeye alikuwa ndani. Wakati ule sikuona hivyo. Nilijiona mtu mwema, kwa sababu nilimpa nguo zangu za zamani, na Krismasi nilimfungia unga na sukari.

Nilipoacha kufundisha nilipata kibarua cha kutafsiri katika bunge la kaunti huko Bungoma. Miswada huandikwa kwa Kiingereza kizito, na kabla ya kupelekwa kwa wananchi watoe maoni, lazima mtu aiweke katika Kiswahili ambacho mkulima wa Sirisia atakisikia na kukielewa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Wiki nyingine nililala Bungoma siku tatu au nne, nikijua kwamba Kitale watoto wamekula, wameoga, na sare zao zimepigwa pasi.

Mwaka mmoja kabla ya mambo ninayoyasimulia, mama alinijia sebuleni akipangusa mikono kwa leso.

"Mwalimu, naomba uniandikie barua."

"Barua ya nini, mama?"

"Kuna yule mzee Kalasinga wa duka la sola hapa mjini. Anapeana kwa kulipa pole pole. Lakini ati lazima ulete barua ya kuonyesha unafanya wapi na unapata ngapi. Huyu msichana anasoma na koroboi, macho inamuuma."

Nikamwambia nitaiandika wikendi. Sikuiandika. Aliniuliza tena baada ya mwezi mmoja, nikasema nimebanwa na kazi, na hakuniuliza mara ya tatu. Ukweli ni kwamba kazi haikunibana kiasi hicho. Nilikaa mezani na karatasi, nikaandika jina la mtaa na tarehe, na nilipofika mahali pa kutaja mshahara kalamu ikagoma. Kumlipa kiasi kile mkononi lilikuwa jambo moja. Kukiandika, kutia sahihi, na kukipeleka dukani kisomwe na mtu mwingine lilikuwa jambo lingine kabisa.

Kisha ukaja mswada wa nishati ya nyumbani. Ulikuwa mswada mzuri, na niliutafsiri kwa furaha. Ulitaka familia zenye kipato kidogo zisaidiwe kupata sola, na wenye ng'ombe wasaidiwe kujenga mitambo ya gesi ya samadi. Ndani yake kulikuwa na sehemu ya mishahara: kila fundi na kila kibarua atakayeajiriwa katika mpango huo asilipwe chini ya kima cha chini kilichowekwa na serikali. Ili nisikosee maneno, nilipewa pia jedwali la serikali la viwango hivyo.

Nilianza na safu ya kwanza, ile ya vibarua wa kawaida. Mfagiaji. Mtunza bustani. Yaya. Mtumishi wa nyumbani. Mlinzi wa mchana. Niliandika maneno hayo bila kufikiri, kama nilivyozoea, halafu nikarudi nikayasoma tena. Nikashuka kwa kidole hadi kwenye miji ya aina ya Kitale, nikaona tarakimu. Mimi nilikuwa nikilipa zaidi kidogo ya nusu yake. Nilifunga daftari nikaenda kununua chai, na nilipokuwa nikinywa nilijitengenezea sababu: anakula kwangu, analala kwangu, mimi mwenyewe si tajiri, majirani wote wanalipa hivyo hivyo. Kila sababu ilikuwa na ukweli ndani yake. Nilimaliza tafsiri na kuiwasilisha.

Kikao cha maoni kilifanyika Sirisia, katika ukumbi wa kanisa. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama madirishani. Nilikuwa mbele nikisoma mswada kwa Kiswahili, na aliyezungumza Kibukusu nilimtafsiria, ili wageni wa kaunti walioketi mezani waelewe. Wengi waliuliza kuhusu sola. Ikiharibika nani atatengeneza? Ikiibiwa paani je? Mzee mmoja alitaka kujua kama ng'ombe wawili wanatosha kwa gesi au lazima aongeze, na watu wakacheka kwa sababu walimjua.

Halafu akainuka mwanamke mmoja wa makamo, aliyejifunga kitenge juu ya sweta. Alisema Kibukusu, polepole, akiniangalia mimi wala si wageni. Kanuni ya kazi yetu ni kwamba mkalimani husema "mimi" pale msemaji aliposema "mimi". Kwa hiyo nilisimama mbele ya ukumbi ule na kusema:

"Mimi nafanya kazi kwa nyumba ya mtu. Napika, nafua, nalea watoto. Nimesikia hapo mmesema fundi wa sola asilipwe chini ya sheria. Je, mimi?"

Akaendelea. Nikasita.

"Tafsiri, mwalimu," mwenyekiti akaniambia.

"Anauliza," nikasema, kisha nikajisahihisha kama inavyotakiwa. "Nauliza, nyinyi mlioandika hii sheria, na wewe unayeisoma, si mko na mtu amebaki nyumbani kwenu sasa hivi? Mnamlipa ngapi?"

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Wengine walipiga makofi. Mwenyekiti alicheka pia, akasema swali limeandikwa, mwingine aulize. Yule mwanamke aliketi akiwa hajacheka. Hakunijua, wala hakuwa akinishtaki, lakini sikumbuki vizuri maswali yaliyofuata.

Ijumaa nilirudi Kitale mchana. Mama alikuwa jikoni akichambua maharagwe kwenye sinia. Nilivuta kigoda nikaketi, jambo ambalo sikuwa na mazoea nalo, na akaniangalia kwa wasiwasi.

"Kuna shida, mwalimu?"

Nikamwambia kwamba mshahara ninaompa uko chini ya sheria, na kwamba nimejua hivyo kwa hakika wiki chache tu zilizopita, ingawa ningeweza kujua zamani kama ningetaka. Nikamwambia kuanzia mwezi huo nitamlipa kile kinachotakiwa.

Nilitarajia nini? Nadhani nilitarajia machozi, au baraka. Aliendelea kuchambua maharagwe.

"Mimi nilijua," akasema. "Redioni si walitangaza mishahara Siku ya Wafanyakazi? Kila mara wakiongeza, mimi nasikia. Nikasema labda mwalimu hakusikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuomba barua."

Akasukuma sinia pembeni.

"Sasa kama ni kulipa, iandikwe. Tuweke sahihi wote wawili. Na saa ya kumaliza kazi iandikwe, kwa sababu wewe ukichelewa Bungoma mimi simalizi. Na tena," akanitazama usoni, "hizo nguo za zamani usinipe tena. Nikitaka nguo nitanunua."

Hilo la nguo liliniuma kuliko yote. Usiku na mchana niliwaza nimemkosea nini kwa nguo, na ilinichukua muda kukubali kwamba nilikuwa nikilipa deni la mshahara kwa sweta zilizochakaa, na yeye alikuwa akijua.

Tuliandika makubaliano Jumatatu aliporudi. Ili niyatimize niliwahamisha watoto kutoka gari la shule, wakawa wanatembea, na niliacha kulipia mambo mawili matatu niliyoyaona ya lazima. Barua alipewa wiki hiyo hiyo. Mzee wa duka aliisoma, akaitikia kwa kichwa chake chenye kilemba, akamwambia, "Hii iko sawa, mama. Fundi atakuja."

Mswada ulipitishwa miezi kadhaa baadaye, lakini sehemu ya mishahara ilitolewa. Wanasheria walisema mishahara ni jambo la serikali kuu. Nilitafsiri pia toleo hilo jipya, fupi kuliko la kwanza.

Mama alibaki nami mwaka mmoja zaidi, kisha akapata kazi katika jiko la shule moja karibu na kwake. Waliomhoji walitaka kuona alikuwa akilipwa nini, naye akawaonyesha karatasi yetu. Siku aliponiaga nilikasirika kimoyomoyo, kana kwamba nimemlipia nauli ya kuniacha. Hasira hiyo ilidumu kama wiki mbili. Nyumba ilinielemea, watoto walimlilia, na mimi nikajifunza kuamka mapema.

Nilienda Saboti kumtembelea mara ya kwanza akiwa ameshaondoka kwangu. Miaka kumi, na sikuwa nimewahi kuiona nyumba yake. Alinikaribisha kama mgeni, akanipa chai, na nilipotaka kusuuza kikombe akakichukua. Akanieleza kwamba jikoni kule shuleni wanafanya kazi hadi jioni bila kulipwa saa za ziada, na wenzake wamemchagua akaongee na mwalimu mkuu.

"Huogopi?" nikamuuliza.

"Naogopa. Lakini nani ataenda?"

Kisha akatoka mbio kufukuza kuku walioingia kwenye mahindi aliyoanika, na mimi nikaketi nikimsikia akiwakemea huko nje.