Ukungu wa Bluu Kwenye Kibuyu cha Mayu

Harufu ilinifikia kabla sijakaa mezani: kali, ya chumvi na unyevunyevu, harufu ya kibuyu kilichosahauliwa. Binti yangu Neema, anayesomea lishe chuoni, alikuwa amerudi nyumbani Bariadi na jibini za ukungu. Akazipanga kwenye sahani na kuanza kutuhubiria: hii ya Wafaransa ni ya maziwa ya kondoo, hii laini ni ya Waitaliano, hii ya Waingereza humeguka kama udongo mkavu. Zina protini, zina kalsiamu ya mifupa, ila chumvi na mafuta yamezidi, kwa hiyo unakula kipande kidogo tu na mboga au matunda. Mimi wala sikusikia vizuri. Nilikuwa nimekazia macho ile mistari ya bluu iliyopita ndani ya jibini. Jamani, ile rangi naijua.

Nilikuwa na miaka kama minane, kule Mwamapalala, mwaka ambao mvua ilitugomea. Pamba ilikauka ikiwa kimo cha goti, mahindi hayakubeba, na baba akaswaga ng'ombe kwenda kutafuta malisho mbali, akatuachia mmoja tu wa kukamua. Mdogo wangu Kabula alikuwa ametoka kuachishwa ziwa. Nywele zake ziligeuka nyekundu, miguu ikavimba, na kulia kwenyewe hakuweza tena. Alifungua mdomo tu. Ng'ombe naye akakauka. Mayu, yaani mama yangu, akabaki na kibuyu kimoja cha maziwa ya mgando. Alikitundika kwenye boriti, akawa anampa Kabula kijiko kimoja kimoja, na sisi wengine hatukuruhusiwa hata kukinusa. Aliyabana mno, yakakaa siku nyingi. Asubuhi moja alipofungua kifuniko, maziwa yalikuwa yameota ukungu wa bluu.

Kwetu maziwa hayamwagwi. Anayemwaga maziwa anaua ng'ombe, ndivyo tulivyolelewa, na bibi mzaa baba alikuwa amekaa pale pale mlangoni. "Ukiyamwaga, umetumaliza," alisema. Mayu alimtazama Kabula, akatazama kibuyu. Kumpa mtoto aliogopa sumu. Kuyamwaga aliogopa laana. Mwishowe alitoka nje akayamwaga kwenye majivu, huku analia kwa sauti. Juma lile lile Kabula alifariki. Baba naye akarudi karibu mikono mitupu, ng'ombe wengi wamemfia njiani. Basi ukoo mzima ukamnyooshea kidole mama yangu, na hajawahi kujitetea.

Siku hizi friji letu limejaa maziwa ya pakiti, na yakiharibika tunayamwaga kwenye sinki bila hata kufikiri. Mayu, ambaye sasa tunaishi naye, alichukua kipande kwenye sahani, akakinusa, akakirudisha. "Huu ukungu unaliwa?" aliuliza. Neema, asiyejua lolote, akamweleza taratibu: huu, bibi, hupandwa makusudi, mahali safi, ule unaoota wenyewe kwenye maziwa unaweza kumuua mtoto. Miaka yote nilitamani mtu amwambie hivyo.

"Umesikia, Mayu?" nikasema. "Ulifanya sawa."

Alinitazama kana kwamba sijaelewa kitu.

"Nimesikia," alisema. "Sasa ningempa nini?"